Alizeti, kitani na ugomvi wa madume: uchambuzi wa kisa cha koloni ya simbilisi

Kisa hiki kinahusu koloni ya simbilisi waliokuwa wakifugwa kwa ajili ya kufundishia tabia za wanyama. Jina la taasisi, mahali ilipo na chochote kinachoweza kumtambulisha mhusika vimeondolewa. Mfuatano wa matukio umebaki kama ulivyokuwa. Mimi nilishirikishwa upande wa lishe baada ya vurugu za kwanza, kwa hiyo sehemu ya mwanzo nimeitoa kwenye daftari la banda na maelezo ya watunzaji.

Swali lenyewe huulizwa mara nyingi na hujibiwa haraka mno: je, aina ya mafuta anayokula mnyama anayeishi kwa makundi hubadilisha namna anavyohimili msongo unaoletwa na wenzake? Kisa hiki kinanifanya nijibu ndiyo, lakini kwa kiasi kidogo kuliko wengi wanavyotarajia, na mahali tofauti na wanapopatazama.

Usuli wa koloni

Koloni ilikaa katika mabanda mawili. Banda la kwanza lilikuwa na vizimba vikubwa ambamo madume, majike na watoto waliishi pamoja kwa vizazi kadhaa. Banda la pili lilikuwa na vizimba vidogo, kila kimoja na dume mmoja na jike mmoja, na watoto wa kiume walihamishwa mapema kabla hawajaanza kugombana na baba yao. Mpangilio huo wa pili ulionekana wa amani, na kwa kweli ulikuwa wa amani, kwa kuwa hapakuwa na wa kugombana naye.

Tofauti ya malezi kati ya mabanda haya si jambo dogo. Norbert Sachser na wenzake, nchini Ujerumani, walionyesha kwamba dume wa simbilisi aliyekulia katika koloni yenye mchanganyiko hujifunza adabu ya kundi kwa madume wakubwa. Akikutanishwa na dume mgeni hupima, hukwepa, hukubali ngazi yake, na homoni zake za msongo hazipandi sana. Aliyekulia peke yake au na jike tu hana shule hiyo. Hushambulia, hushambuliwa, na kotisoli yake hupaa. Kazi hizohizo zilionyesha pia kuwa dume akiwa karibu na jike aliyeshikamana naye, mwili wake huitikia msongo kwa kiasi kidogo kuliko akiwa na jike asiyemjua.

Kotisoli ndiyo tuliyokuwa tukiifuata katika kisa hiki chote. Mnyama anapohisi tishio, hipothalamasi kwenye ubongo hutoa homoni inayoiamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari huziamsha tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na hizo humwaga kotisoli kwenye damu. Kotisoli ikifika kwenye ubongo, huuambia upunguze amri. Panya na kuku hutumia homoni ya kotikosteroni kwa kazi hiyo. Simbilisi hutumia kotisoli, kama binadamu. Hans Selye alipochapisha taarifa yake fupi ya mwaka 1936 kuhusu mwili unavyoitikia madhara ya namna nyingi kwa njia moja, kuvimba kwa adrenali kulikuwa miongoni mwa dalili alizozitaja.

Chakula kilivyobadilika

Kwa muda mrefu koloni ililishwa nyasi kavu bila kikomo, majani mabichi kila asubuhi, na peleti kidogo. Kisha majani mabichi yakawa magumu kupatikana kwa uhakika, yakaondolewa kwenye ratiba, na peleti za aina mpya zikawa chakula kikuu. Kwenye lebo, protini ilikuwa ileile na nyuzinyuzi zilikaribiana. Watunzaji waliandika daftarini kwamba chakula hakijabadilika kwa maana ya virutubisho.

Kilikuwa kimebadilika. Majani mabichi yana mafuta machache sana, lakini zaidi ya nusu ya mafuta hayo huwa ni asidi ya alfa-linoleniki, ambayo ni omega-3, kwa sababu utando wa kloroplasti ndani ya jani umejengwa nayo. Peleti mpya ziliongezewa mafuta ya alizeti. Mafuta ya kawaida ya alizeti yana takriban asilimia 60 ya asidi ya linoleiki, ambayo ni omega-6, na omega-3 karibu hakuna. Zote mbili ni mafuta yasiyoshiba, yale yanayobaki majimaji kwa sababu minyororo yake ya kaboni ina vifungo maradufu vinavyoikunja. Zote mbili pia ni za lazima: mwili wa mamalia hauwezi kuzitengeneza, jambo ambalo George na Mildred Burr walilithibitisha kwa panya kuanzia mwaka 1929. Lakini hazifanyi kazi ileile, na zinashindana. Kimeng'enya kinachorefusha omega-3 kuelekea EPA na DHA, ambazo ni omega-3 za minyororo mirefu, ndicho kinachorefusha omega-6 kuelekea asidi ya arakidoniki. Mmoja akijaa mlangoni, mwingine hupita kwa shida.

Asidi ya arakidoniki ina uhusiano wa moja kwa moja na msongo. Ikiachiliwa kutoka kwenye utando wa seli, hugeuzwa kuwa prostaglandini, kemikali za mwili zinazopeleka ujumbe kwa seli, na mojawapo, prostaglandini E2, huichochea hipothalamasi kutoa homoni ya kwanza katika mnyororo ule niliouelezea. DHA, kwa upande wake, imejaa kwenye utando wa seli za ubongo, na upungufu wa omega-3 kwa panya huharibu kazi ya endokanabinoidi, kemikali za mwilini ambazo ni sehemu ya breki za mfumo huohuo wa msongo. Kwa hiyo uwezekano wa mafuta ya chakula kugusa kotisoli umejengwa juu ya kemia inayoeleweka.

Mabadiliko haya ya mafuta yalikuja na jambo jingine ambalo halikuwa la mafuta. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Majani mabichi yalikuwa yakimpa. Vitamini C iliyochanganywa kwenye peleti hupungua kadiri zinavyokaa ghalani, na tezi za adrenali ni miongoni mwa viungo vyenye vitamini C nyingi zaidi mwilini. Simbilisi anayekosa vitamini hiyo hupandisha kotisoli hata asipoguswa na mtu.

Mkutano wa kwanza

Paa la banda la pili lilihitaji matengenezo, wanyama wote wakahamishiwa banda la kwanza. Madume wa vizimba vidogo waliingizwa kwenye vizimba vikubwa bila majike wao, kwa hoja kwamba majike wangeongeza ugomvi.

Daftari la siku zile linaumiza kulisoma. Saa za mwanzo madume wageni walizunguka kwa miguu iliyokakamaa, manyoya ya shingoni yamesimama, wakigonganisha meno kwa sauti iliyosikika kutoka mlangoni. Wenyeji wengi walijibu kwa kujiweka kando. Wageni hawakuisoma ishara hiyo. Waliwafuata mpaka pembeni, na waliofuatwa wakauma. Majeraha mengi yalikuwa nyuma, kwenye matako na mapaja, ambako mnyama anayekimbia huumwa. Wageni kadhaa waliacha kula. Wawili walikutwa wamejibanza chini ya chombo cha nyasi, macho wazi, hawasogei hata nyasi zilipowekwa mbele yao.

Dhana ya kwanza ilikuwa ugonjwa. Daktari wa mifugo aliondoa uwezekano wa maambukizi, akatibu majeraha, akataka waliozidiwa watengwe. Walitengwa, na matengenezo ya paa yakiendelea walibanana kwenye vizimba vya muda. Wakati wa kupima uzito ndipo mmoja wa watunzaji aliposema kwamba hata wenyeji, ambao huko nyuma walikuwa wakipokea wageni bila shida kubwa, safari hii walichukua muda mrefu mno kutulia. Kauli hiyo ndiyo iliyowafanya waangalie chakula.

Maamuzi na sababu zake

Mkutano wa pili haukuepukika, kwani vizimba vya muda visingeweza kuendelea. Hata hivyo palikuwa na wiki kadhaa za kujiandaa, na timu ilizitumia vizuri.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumrudishia kila mnyama vitamini C, wote sawa, kabla ya kugusa mafuta. Palikuwa na hamu ya kuanza na mafuta, kwa sababu ndiyo yaliyovutia. Lakini kama vitamini na mafuta vingerekebishwa siku moja kwa kundi moja, hakuna ambaye angeweza kusema kilichosaidia ni kipi. Na zaidi ya hoja ya kisayansi, mnyama aliyepungukiwa vitamini anateseka sasa hivi. Haki yake haisubiri jaribio.

Uamuzi wa pili ulikuwa kugawa vizimba. Baadhi vilipewa mbegu za kitani zilizosagwa juu ya chakula cha kawaida, kwa sababu mafuta ya kitani yana zaidi ya nusu ya asidi ya alfa-linoleniki. Vingine vilipewa mbegu za alizeti zilizosagwa, kwa kiasi chenye nishati inayolingana. Hili la alizeti liliulizwa sana: kwa nini uongeze kile unachokishuku? Sababu ni kwamba ukilinganisha kitani na kutompa mnyama chochote, unalinganisha pia mafuta mengi na mafuta machache. Jay Kaplan na wenzake, Marekani, waliwahi kuonyesha kwa nyani wa jamii ya makaku kwamba waliolishwa chakula chenye kolesteroli kidogo walikuwa na ukali zaidi kwa wenzao. Kiasi na aina ya mafuta ni maswali mawili. Vizimba vyote viliongezewa vitamini E, kwa sababu mafuta yenye vifungo maradufu vingi huoza kwa oksijeni hata ndani ya mwili, na simbilisi aliyepungukiwa vitamini E huharibika misuli.

Mafuta ya samaki yalipendekezwa, yakakataliwa, na nadhani ilikuwa sawa. Yana EPA na DHA moja kwa moja, na kwa binadamu yapo matokeo ya kuvutia: mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa waliwapa wanaume 7 wenye afya gramu 7.2 za mafuta ya samaki kwa siku kwa wiki 3, na kotisoli yao haikupanda kama mwanzo walipopewa mtihani wa akili. Lakini simbilisi ni mla majani, na kilichokuwa kimepotea kwenye chakula chake ni mafuta ya jani. Swali la koloni lilikuwa kama kumrudishia hayo kungetosha.

Uamuzi wa tatu ulihusu upimaji. Walichagua mate badala ya damu. Kuchoma sindano ni msongo wenyewe, na kotisoli ya kwenye mate huonyesha sehemu ile iliyo huru, isiyoshikiliwa na protini za damu, ambayo ndiyo inayofanya kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna walitumia njia hii kwa simbilisi waliolishwa chia, jozi na karanga, kwa hiyo haikuwa ya kubahatisha. Mtunzaji humpakata mnyama mapajani, humwekea kijiti chenye pamba upande wa shavu, nyuma ya meno ya mbele, na husubiri kilowane. Zoezi hili linahitaji utulivu. Walifanya mazoezi hayo mara nyingi kabla ya siku yenyewe, bila kupima chochote, mpaka wanyama wakaacha kukakamaa. Bila mazoezi hayo, kipimo kingeonyesha hofu ya kushikwa.

Aliyehesabu vitendo vya ugomvi hakuambiwa kizimba kipi kinakula nini.

Uamuzi wa mwisho: mara hii madume wa vizimba vidogo waliingia pamoja na majike wao.

Mkutano wa pili na matokeo

Idadi ya ugomvi kati ya vizimba vya kitani na vya alizeti haikutofautiana kwa namna ya kutegemea. Madume waliokula kitani waligonganisha meno, walisimamisha manyoya, walikimbizana. Aliyetarajia mbegu zingeleta upole hakuona upole.

Tofauti ilionekana baadaye. Sampuli za mate zilichukuliwa kabla ya mkutano, muda mfupi baada yake, na tena saa kadhaa mbele, mpaka siku ya pili. Kupanda kwa kwanza kulikuwepo pande zote. Lakini madume wengi wa kitani walirudi karibu na kiwango chao cha kawaida mapema, huku wa alizeti wakibaki juu. Waliorudi mapema ndio walioonekana wakila nyasi jioni ileile, na uzito wao haukushuka kama wa wengine.

Kizimba kimoja cha kitani kilikwenda kinyume kabisa. Wanyama wake walipungua uzito kuliko wote na kotisoli yao ilikuwa juu hata kabla ya mkutano. Chombo cha mbegu cha kizimba hicho kilipofunguliwa, kilinuka kama mbao iliyopakwa rangi ya mafuta jana yake. Mbegu zilikuwa zimesagwa zote kwa mkupuo mmoja na kuachwa kwenye joto. Vifungo vilevile vinavyoyafanya mafuta haya yawe na thamani ndivyo vinavyoyafanya yashike oksijeni upesi, na ndiyo sababu mafuta ya kitani hukauka na kutumika kwenye rangi. Wanyama walikuwa wakiyakwepa na kula kidogo, na njaa nayo ni msongo.

Kwa majike matokeo hayakusomeka. Wengi walikuwa na mimba, na kotisoli ya simbilisi mwenye mimba hupanda sana kwa sababu zisizohusiana na mgeni yeyote.

Halafu kulikuwa na tofauti iliyozidi zote: malezi. Dume wa koloni aliyekula alizeti alihimili mkutano vizuri kuliko dume wa kizimba kidogo aliyekula kitani. Na madume wa vizimba vidogo wote, kwa chakula chochote, walifanya vizuri zaidi ya mara ya kwanza walipoingizwa bila majike wao.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kurekebisha vitamini C kwanza ndiko kulikookoa kisa hiki kisiwe hadithi ya kusifia mbegu. Kotisoli ya asubuhi, kabla ya mafuta kuguswa, ilianza kushuka kwa wanyama wote. Sehemu ya lawama ambayo ingetupiwa omega-6 ilikuwa ya vitamini.

Kupima kurudi chini, na si kilele peke yake, lilikuwa jambo la pili la thamani, na nadhani ndilo wafugaji wengi hulikosa. Kotisoli kupanda mbele ya dume mgeni si ugonjwa. Mnyama anahitaji sukari kwenye damu, anahitaji misuli. Madhara hutoka pale inapokaa juu siku nzima: kinga hupungua, kidonda huchelewa kufunga, misuli huliwa. Ikiwa mafuta hubadilisha breki kuliko kichocheo, basi athari yake itaonekana kwenye mteremko, na anayepima mara moja tu ataikosa au ataipata kwa bahati. Matokeo ya koloni moja hayathibitishi kwamba breki ndizo zilizobadilika. Yanaoana na wazo hilo, nami nalipa uzito kwa sababu kemia ya endokanabinoidi inaelekea hukohuko.

Kumwingiza dume na jike wake kulikuwa uamuzi mzuri kwa wanyama na mgumu kwa mchambuzi. Ulisaidia vizimba vyote, kwa hiyo hauwezi kueleza tofauti ya kitani na alizeti. Lakini unazuia kulinganisha mkutano wa kwanza na wa pili, na yeyote atakayesema kwamba koloni ilitulia kwa sababu ya mbegu anasahau majike.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kosa la awali lilikuwa kuuamini mstari wa mafuta kwenye lebo. Lebo husema mafuta ghafi ni asilimia ngapi. Haisemi ni mafuta gani. Chakula chenye kiasi kilekile cha mafuta kinaweza kutoka kwenye jani, soya au alizeti, na mwili ukapokea vitu vitatu tofauti. Soya ina takriban asilimia 7 ya alfa-linoleniki kwenye mafuta yake, kiasi ambacho alizeti haikaribii. Mabadiliko yoyote ya chanzo cha mafuta yalistahili kuandikwa daftarini kama mabadiliko ya chakula.

Mpangilio wa vizimba ulikuwa na udhaifu wa kudumu. Wanyama wa kizimba kimoja wanakula pamoja na pia wanatishana pamoja, kwa hiyo dume mmoja mkali anaweza kupandisha kotisoli ya wote na ikaonekana kama athari ya chakula. Kipimo halisi hapo ni kizimba, si mnyama, na vizimba vilikuwa vichache. Hili halirekebishwi na hesabu. Linarekebishwa kwa kuwa na vizimba vingi zaidi, au kwa kubadilishana chakula kati ya vizimba baada ya mapumziko.

Muda pia ulikuwa mfupi kwa swali lililoulizwa. Mafuta ya damu hubadilika ndani ya siku na wiki. Utando wa seli nyekundu za damu huchukua muda zaidi, na ubongo wa mnyama aliyekwisha kukua ni wa mwisho kabisa. Kwa simbilisi kuna kikwazo kingine: sehemu kubwa ya alfa-linoleniki anayokula huchomwa kama nishati au huishia ngozini na kwenye manyoya, na inayofika kuwa DHA ni kidogo. Huenda basi kilichoonekana kilitokea kwenye adrenali na damu kuliko ubongoni, kupitia prostaglandini chache zaidi. Hakuna sampuli ya utando iliyochukuliwa, na bila hiyo hata swali la kama mbegu ziliingia mwilini linajibiwa kwa uzito wa mabaki kwenye bakuli.

Kuhusu majike, kuwaweka kwenye jaribio bila kujua nani ana mimba kulipoteza nusu ya taarifa. Kazi za Vienna zimeonyesha pia, kwa upande wa kujifunza na kumbukumbu, kwamba madume na majike wa simbilisi hawaitikii mafuta haya sawasawa. Kuwachanganya kwenye wastani mmoja kungefuta kilichopo kwa pande zote mbili, na timu ilifanya vyema kukataa kufanya hivyo hata pale ambapo idadi ingeonekana nzuri zaidi.

Hali ya sasa ya koloni

Majani mabichi yamerudi, kila yanapopatikana, na kitani husagwa asubuhi ya kulishwa kwa siku ambazo hayapo. Vizimba vya dume mmoja vimefutwa. Watoto wa kiume sasa wanaachwa wakue kati ya madume wakubwa, jambo linaloleta kelele zaidi kila siku na majeraha machache zaidi kwa mwezi. Kwa mkutano ujao wa vizimba, timu imepanga kuchukua tone la damu kwa ajili ya mafuta ya seli nyekundu wiki moja kabla, mbali na siku ya mate, na kuwapima mimba majike wote kabla ya kuwagawa.